Viatu vya Katapila

Mwezi uliopita Bibi aliniambia jambo moja huku akichambua mchele, bila hata kuinua uso, na tangu siku ile sijakaa sawa. Nilikuwa nimepanda kwake Kimisagara kama nifanyavyo kila nikipata likizo. Tulikuwa barazani, mabati ya bonde zima yanametameta chini yetu, na kando ya nyumba mashine ndogo ya njano ilikuwa inasafisha mfereji, inatembea juu ya minyororo ya mpira iliyotoka nayo kiwandani. Nikacheka.

"Bibi, unaikumbuka ile yetu? Ile iliyovishwa viatu?"

"Naikumbuka," akasema. Akaona kijiwe kwenye mchele, akakitoa, akakitupa uani. "Vile vigingi vya mfereji nilivihamisha mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza vigingi gani. Vya mpimaji, akasema, vilikuwa vitano, nilivihamisha alfajiri baada ya kuswali. Mfereji ulikuwa upite kwenye chumba mlichokuwa mnalala ninyi. Nikausogeza ukapita kwa Fundi.

Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Inabidi nikueleze kuanzia mwanzo, maana hadithi ya katapila lenye viatu nimewasimulia watu wengi mno. Niliisimulia chuoni, kwenye vyumba vya wanafunzi, tukiwa tumekaa kitandani watano watano. Niliisimulia kwenye mabasi. Ilikuwa hadithi yangu ya kuchekesha, na pia ilikuwa ushahidi wangu, kila mara mtu aliposema kwamba nchini kwetu hapakuwahi kuwa na majirani wema. Nilikuwa mwanafunzi asiyekubali kitu bila kukiuliza mara tatu, walimu walinichoka. Lakini hadithi hii sikuwahi kuiuliza hata mara moja.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, nami nina miaka minane. Tulikuwa wajukuu sita kwa Bibi, wasichana wanne na wavulana wawili, kwa sababu wazazi wetu walikuwa watu wa biashara za kwenda Bukavu na kurudi. Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, imepakwa chokaa, ina vyumba vitatu na jiko. Sisi sita tulilala chumba cha pembeni, kwenye mikeka miwili, na ukuta wa chumba kile ndio uliokuwa unatazama korongo.

Korongo lile tuliita ruhurura, kama kila mtu wa bonde lile. Wakati wa kiangazi lilikuwa uwanja wetu wa kuchezea. Lilikuwa na mchanga laini na vipande vya chupa za rangi. Mvua ikianza liligeuka kitu kingine kabisa. Maji yalishuka kutoka Nyamirambo na mlima wote, yakabeba mawe makubwa kama mbuzi, na kila msimu yaliondoka na kipande cha ardhi yetu. Masika ya mwaka ule yalichukua choo cha jirani na migomba kumi. Tulipopima kwa miguu, zilikuwa zimebaki hatua nne kutoka ukingo hadi ukuta wa chumba chetu. Vuli ilikuwa inakuja mwezi wa tisa. Hata mimi, mtoto, nilijua hesabu hiyo inaishia wapi.

Bibi alikwenda kwa konseye, diwani wa sekta yetu, akaenda tena, akaenda mara ya tatu na majirani. Mwishowe akaletwa mpimaji kutoka komine, yaani halmashauri. Alikuja alasiri moja na kamba, akapanga mstari wa mfereji mpya ambao ungeyachukua maji moja kwa moja mpaka mtoni, akapigilia vigingi vyake vyenye ncha nyekundu, akanywa maji, akaondoka. Asubuhi yake sisi watoto tulikwenda kuvitazama. Vilisimama katikati ya migomba, upande wa pili, karibu na kwa Fundi. Hatukujua kwamba jana yake vilisimama mahali pengine. Wala hatukujua kwamba kigingi ni katikati ya mfereji tu; sisi tulidhani mfereji wenyewe una upana wa kigingi.

Fundi alikuwa mshonaji wa viatu vya tairi, vile ambavyo kwetu vinaitwa rugabire. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na hatua kama kumi za migomba. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na kwenye kibaraza kile alikaa tangu asubuhi hadi jioni, peke yake, ndoo ya maji pembeni. Kisu alikichovya majini kila baada ya kukata, kwa sababu mpira haukubali kisu kikavu. Nikifumba macho hata leo nausikia ule mlio, *zzzip*, halafu kisu ndani ya ndoo, *tub*. Nanusa mpira, gundi, na maharage yake yanayochemka taratibu nyuma ya mlango.

Sasa palikuwa na mstari, lakini hapakuwa na wa kuuchimba. Komine haikuwa na mashine. Konseye akasema liko katapila moja pale Nyabugogo, ndani ya ua wa wajenzi wa barabara waliofunga kazi na kuondoka vita vilipoanza kaskazini. Analilinda makanika wao kutoka Bukavu.

"Bon," akasema konseye. "Mkiweza kulifikisha huko kwenu, nawapa siku tatu. Lakini lami yangu isiguswe na chuma. Nikiona hata mkwaruzo mmoja, mmenielewa?"

Tuliongozana na Bibi kwenda kuliona, watu kama ishirini, Fundi naye akiwemo. Lilikuwa limezama katika nyasi mpaka tumboni, limeota kutu, na kuku alikuwa ametaga chini ya kiti cha dereva. Makanika alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuimba. Alichuchumaa akatuonyesha mnyororo mkubwa unaozunguka magurudumu, yeye akiuita shenili, na vile vibao vya chuma vilivyofungwa juu yake, ambavyo ndivyo vinavyokanyaga ardhi. Vibao aliviita patini.

"Mama, angalia mwenyewe. Patini makumi saba na mbili, na meno yote yamekwisha, imebaki kama sahani. Hii kumi na moja imepasuka. Kwa udongo mukavu itaenda. Lakini mvua ikianguka mbele ya kumaliza, hii kitu inateleza kama sabuni, inashuka na manyumba yenu yote mpaka mutoni."

"Na kwenye lami?" Bibi akauliza.

"Kwa lami? Itaikata kama mugati."

 Lori la kubebea mashine kama ile halikuwepo mjini kote, au lililokuwepo lilikuwa la jeshi. Ndipo Fundi akapiga magoti penye kile kibao, akakipitisha kidole gumba kama alivyofanya kwenye nyayo za wateja wake, akainua uso.

"Huyu anavaa namba ngapi?"

Kicheko kilichopigwa pale! Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Fundi hakuwa anacheka. Alitoa kamba mfukoni akaanza kupima, kibao kimoja, kisha upana wa mnyororo, kisha akazunguka mbele akalipima hata lile koleo kubwa la kusukumia udongo, kutoka pembe hadi pembe, akafunga fundo kwenye kamba. Kumbuka lile fundo. Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka mwezi uliopita.

Kazi ilichukua wiki mbili, na sijawahi kuona tena wiki mbili kama zile. Madereva wa Nyabugogo walitupa matairi ya malori yaliyokwisha, na watoto wote wa Kimisagara tukawa tunayaviringisha barabarani, tunakimbizana nayo, tunagombezwa na makonda. Fundi aliyachagua. Yenye waya ndani aliyakataa, akitaka ya nyuzi peke yake. Makanika na kijana mmoja wa kuchomelea walivunja bolti za zile patini kumi na moja kwa tindo na nyundo, nne kila kibao, zote zimeganda kwa kutu. Vibao vipya walivikata kwenye chesesi ya lori lililokufa. Mlio wa nyundo zao ulisikika mpaka msikitini juu. Wanawake walipika sombe, kisamvu chetu, na ugali wa muhogo pale pale kwenye ua, juu ya mafiga matatu, na dagaa wa sambaza waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika mdomoni kama majani makavu. Chai Bibi aliimimina mwenyewe, na kikombe cha kwanza kila siku alimpelekea Fundi, kabla ya makanika, kabla hata ya konseye siku alipokuja kukagua. Mimi niliona hiyo ni heshima.

Siku ya tatu makanika alipiga ukelele tukadhani ameumia.

"Baba! Hii nini umenifanyia? Umekata viatu vya mutu!"

Tukasogea. Fundi alikuwa amekwisha kukata vipande thelathini, vikubwa kama sinia, na kila kimoja kilikuwa kimebonyea kiunoni, pale ambapo unyayo wa mtu unabonyea. Nusu vilibonyea kulia, nusu kushoto. Alivitazama kwa muda mrefu, kama vile vimekatwa na mtu mwingine.

"Mkono umeenda wenyewe," akasema. Halafu, kwa kujitetea: "Kwani hili halina mguu wa kulia na wa kushoto?"

Makanika akautazama mnyororo wa kulia, akautazama wa kushoto. "Iko nayo," akakiri, na ua wote ukalipuka tena. Vipande vile havikutupwa. Alivipunguza, na mwaka ule watoto wa bonde zima tulivaa viatu vilivyokusudiwa katapila.

Walibishana pia juu ya kufunga. Makanika alitaka bolti. Mpira ukafungwa kwa bolti kwenye kibao kimoja, mashine ikasogezwa hatua mbili, mpira ukachanika kwenye matundu yote manne. Fundi akashika kisu. Alikata ukanda, akaupitisha kwenye ncha mbili za kibao zinazotokeza nje ya mnyororo, akaukaza, akaupigilia kwa chini kama ukanda wa rugabire. Mashine ikasogea, kiatu kikabaki mguuni. "Mguu lazima upumue," akasema, na makanika akamwamkia kama mwanajeshi.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, katapila likatoka. Sijui nikuelezeje. Nyabugogo nzima ilisimama. Wapagazi walitua mizigo, mabasi yalizima injini, abiria walitoa vichwa madirishani. Tulikuwa tunangojea mlio wa chuma, ule wa kuumiza meno, na badala yake tukasikia *pa, pa, pa, pa*, kama umati wa watu wamevaa ndara wanatembea polepole.

"Ayi we! Limetoka kuoga!" akapiga kelele mpagazi mmoja.

"Linaenda kuswali!"

"Sasa mlangoni litavua vyote sabini na viwili? Si mpaka Ijumaa ijayo!"

Konseye alitembea nyuma, mikono mgongoni, anainama kila baada ya hatua tatu kuichunguza lami yake. Hakupata mkwaruzo. Viatu vitatu vilichomoka njiani, na kila kimoja kilipochomoka Fundi alikimbia mbele na misumari yake mdomoni, akisimamisha mashine kwa kuinua mkono mmoja tu, akainama, akaivisha. Tulimpigia makofi. Nadhani ndiyo siku pekee ambayo bonde zima lilimpigia makofi.

Halafu tukafika kwetu. Makanika akalielekeza katapila kwenye kigingi cha kwanza, akateremsha koleo chini, na hapo kila mtu akaona kile ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Pembe moja ya koleo iligusa migomba yetu. Pembe ya pili ilikuwa ndani ya ukuta wa Fundi.

 Konseye akatoa karatasi, akaitazama, akatazama vigingi, akatazama karatasi. Mstari ni mstari, akasema. Akamgeukia Fundi.

"Una neno?"

Nilikuwa nimesimama karibu na Bibi. Nikasema kwa sauti, kwa sababu sijawahi kujua kunyamaza: "Kwani hawawezi kupindisha?" Bibi akanishika kifundo cha mkono akakiminya mpaka machozi yakanitoka. Alama ya vidole vyake ilikaa siku mbili.

"Sina," akasema Fundi. "Nipeni muda nitoe vitu."

Vitu vyake havikujaza hata mkokoteni. Mkeka, sufuria, ndoo, kisu, kalibu za mbao za viatu, koti moja. Alipomaliza alimwendea makanika akamwonyesha kwa kidole. "Anzia pembe hii. Ile nguzo ya pili imeoza, ukianzia kule itakuangukia wewe." Makanika hakutaka. Alizima injini, akashuka, akasema kitu kwa Kifaransa, akavuta sigara yote mpaka ikamchoma kidole. Kisha akapanda tena.

Ukuta ulianguka kwa pumzi moja. Hilo ndilo lililonishtua zaidi nikiwa mtoto, kwamba nyumba ya mtu mzima inaweza kuondoka kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba ya kiatu. Vumbi lilipotulia, katapila lilikuwa limesimama pale ambapo lilikuwepo jiko lake, limevaa viatu alivyolishonea mwenyewe.

Mfereji ukachimbwa siku tatu. Mvua ilianza siku tisa baadaye. Tulikaa macho barazani tukisikiliza maji, na maji yakapita, yakangurumia mbali, upande wa migomba, wala hayakuukaribia ukuta wetu. Bibi alimpa Fundi ghala yetu, kichumba kile cha kuwekea mkaa. Alikisafisha mwenyewe, akakipaka chokaa. Watu walimsifu sana. Mimi nilijivuna shuleni kwamba bibi yangu amemchukua mtu asiye na nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia. Niliishia hapo kwenye chokaa.

Sasa rudi nami barazani, mwezi uliopita. Mchele umebaki kidogo kwenye ungo. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Fundi alijua?" nikauliza.

"Alijua."

"Ulimwambia?"

"Alinikuta." Akasema kama mtu anayesoma orodha. Mpimaji alikuwa amemwambia jioni ile, Mama, chumba hiki na jiko vitaondoka, andaa watoto. Bibi hakulala. Alfajiri akang'oa kigingi kimoja kimoja, akakihamishia ng'ambo ya migomba. Cha tano kikagoma kuingia, pale palikuwa na mwamba. "Nikapiga, nikapiga. Mara namwona amesimama na nyundo yake. Nikasema leo nimekwisha. Akaniambia, 'Mama, hapa kuna jiwe, sogeza kidogo.' Akakipigilia yeye."

"Yeye!"

"Yeye. Wakati ule hakujua mfereji utakuwa mpana kiasi gani, labda. Baadaye alijua. Alilipima koleo."

Ndipo nikalikumbuka lile fundo kwenye kamba, nikakaa chini. Wiki mbili nzima. Vibao sabini na viwili. Kila *zzzip* na kila *tub*, yule mtu alijua anaivisha viatu mashine inayokuja kwake. Na Bibi akimpelekea chai.

Mimi si mtu wa kuamini watakatifu. Niliwahi kumwambia hivyo padri mmoja na maustadhi wawili. Kwa hiyo nilitafuta sababu, kama nilivyofundishwa.

"Alikuwa anakupenda, Bibi?"

"Hayo ndiyo mnayofundishwa huko chuo kikuu?" Alinirushia punje za mchele. Kwa dakika moja alikuwa Bibi yule yule.

"Basi kwa nini kwake? Upande wa juu palikuwa na bustani tupu. Hapana nyumba, hapana mtu. Ungesogeza kule."

Akatoa kijiwe kingine. "Bustani ile ilikuwa ya shemeji yake konseye."

"Na Fundi?"

"Fundi hakuwa na mtu."

"Bibi. Na kitambulisho chake ulikijua."

"Kila mtu alikijua," akasema.

Kama hukuwepo miaka ile, au umeambiwa usiulize, nitakuambia waziwazi. Vitambulisho vyetu viliandikwa kabila. Vita vilikuwa kaskazini, redio ilikuwa inasema iliyokuwa inasema, na mtu mwenye jina la kabila lililotukanwa redioni kwenye kitambulisho chake hakwenda ofisi yoyote kudai kwamba vigingi vimehamishwa. Konseye alipomwuliza kama ana neno, mbele ya watu wote, lile halikuwa swali. Hata sisi watoto tulilijua jibu, ingawa hatukujua tunalijua. Bibi yangu, aliyeswali sala tano, aliyenifundisha kumsalimia kila mkubwa njiani, alitazama kulia na kushoto siku ile alfajiri, na akausogeza mstari kuelekea kwa yule asiyeweza kukataa.

Alifanya hivyo kwa ajili ya watoto sita. Mmoja wao ni mimi. Siwezi hata kumkasirikia bila kwanza kutoka ndani ya ngozi yangu.

Na yeye je? Alipigilia kigingi kwa huruma, kwa kuwa aliiona mikeka yetu miwili kupitia mlangoni? Au aliona tu kwamba limekwisha kuamuliwa, kama mengine yaliyokuwa yanaamuliwa juu ya watu kama yeye, na akaona afadhali kigingi kikae vizuri? Nimegeuza hili huku na huku kwa mwezi mzima. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo mawili. Kuna wakati nadhani yote mawili yalikuwa kweli ndani ya mkono ule ule uliokata mpira kulia na kushoto bila kuulizwa.

Aliishi ghalani kwetu mwaka mmoja na nusu. Aprili ya tisini na nne, mauaji yalipoanza na Bibi alipotufunga nguo migongoni na kututoa, alimwita naye. Akasema hapana: kizuizi cha kwanza tu wangesoma kadi yake, na sisi tungekwama naye. "Nendeni, mimi nitaangalia nyumba." Tuliporudi, nyumba ilikuwepo. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Yeye hakuwepo, na hakuna aliyekubali kutuambia zaidi ya hapo, na mimi sitakisia.

Leo mfereji ule umejengwa kwa mawe na saruji, mpana, una uzio. Migomba imekwisha. Mahali pa kibaraza chake panapita maji. Viatu vya tairi havivaliwi tena mjini ila na wazee wachache na watalii, na makanika alirudi kwao Bukavu zamani. Hata mlio wa nyundo za bonde umepungua. Watu wananunua vitu vipya.

Nilimwambia Bibi, basi angalau iandikwe mahali. Kuna orodha za majina ya waliouawa, nitakwenda kuuliza kama yumo, na kama hayumo nitaomba aandikwe. "Jina lake nani?"

Mkono wa Bibi ukasimama kwenye ungo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuzungumza.

"Fundi," akasema.

"Fundi nani?"

Akanitazama. Sijawahi kuona uso wake vile, hata Aprili ile. Alikuwa mtu mzima anayetafuta kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe na kukuta hakijawahi kuwepo. "Tulimwita Fundi," akasema. "Kila Ijumaa namwombea. Nasema, *na yule*. Mungu si anajua yule ni nani?"

Nimetembea wiki tatu. Nimegonga milango ya Kimisagara kutoka juu hadi chini. Nimepanda Nyamirambo kuwauliza washonaji wa zamani. Nyabugogo nilimpata mzee mmoja ambaye bado anauza rugabire, nikamweleza, akasimama kwa furaha. "Yule aliyelivisha katapila viatu? Namjua sana! Alinifundisha kukata!" Nikatoa kalamu. Jina lake, mzee? Akafungua mdomo, akabaki hivyo, na furaha ikamtoka usoni polepole.

Nilikaa na mtu yule kibarazani karibu kila siku ya utoto wangu. Nilimwuliza kwa nini tairi ni jeusi. Nilimwuliza kama samaki wanasikia kiu. Nilimwuliza kwa nini ng'ombe hawavai viatu, kwa nini redio inapiga kelele, nani alikata viatu vya mtu wa kwanza. Alijibu yote, kisu mkononi, kwa uvumilivu, na nilipochoka aliniambia, "Haya, uliza lingine." Sikuwa na lingine. Nikaenda kucheza.